"Wenzako Wote Wanafanya Hivyo"

Mwaka jana kampuni moja ya vipodozi hapa Nairobi ilitaka niwafanyie video tatu. Tukaelewana bei, nikatuma invoisi, nikaandika mpaka PIN yangu ya KRA kama mtu mzima. Dakika kumi hazijaisha, simu ikalia. Ni dada wa masoko, sauti tamu kabisa: "Wangu, hiyo invoisi weka kando. Tutakutumia M-Pesa kwa namba yako ya kawaida. Usijali, wenzako wote tunawalipa hivyo."

Nikamuuliza, na ile asilimia 5 je? Kama hujui, tangu Julai 2023 kampuni inayomlipa mtengeneza maudhui inapaswa kukata 5% ya malipo na kuipeleka KRA. Akacheka. "Sasa tukianza kukata sisi peke yetu, si mtahamia kwa washindani wetu? Wao hawakati."

Nikanyamaza. Pesa ikaingia, nikaitumia. Nalisema hili mapema ndio usidhani nahubiri kutoka juu ya mnara.

Lakini yale maneno yalikataa kutoka kichwani. Huyu dada hakusema sheria ni mbaya. Hakusema kampuni haina pesa. Alichosema ni kwamba wengine hawafanyi. Na nikianza kusoma kuhusu kampuni kubwa za dunia, nikakuta hadithi ni ile ile, tofauti ni suti tu. Kampuni haiamui ushuru wake ikiwa imejifungia chumbani. Inachungulia kwa jirani kwanza.

Tuelewane kwanza. Kuna kukwepa ushuru, yaani kuvunja sheria: unaficha mapato, kama mimi na yule dada tulivyofanya. Halafu kuna kuepa ushuru: unatafuta mlango ambao sheria yenyewe imeuacha wazi. Wakubwa hupenda mlango. Na mlango mmoja ukijulikana, foleni huanza.

Chukua ule mtindo uliobandikwa jina la "Ireland mara mbili". Kampuni ya Marekani inafungua kampuni mbili Ireland. Moja inauza bidhaa Ulaya. Ya pili imeandikishwa Ireland lakini inaongozwa kutoka mahali kama Bermuda, ambako ushuru wa faida ulikuwa sufuri, na ndiyo "inamiliki" ubunifu wote. Basi ile ya kwanza inailipa ya pili ada kubwa ya kutumia ubunifu, faida inahama, mchezo umeisha. Apple ilikuwa kati ya waanzilishi wa mtindo huu miaka ya 1980. Baadaye Google ikapita hapo hapo, ikaongeza kituo cha Uholanzi katikati. Facebook nayo ikafuata, na nyingine nyingi. Ireland ilipoufunga mlango kwa wageni wapya mwaka 2015, waliokuwa ndani tayari walipewa mpaka 2020 kutoka. Fikiria hiyo: ilibidi wapewe miaka mitano, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa.

Kwa nini wanaigana? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni ushindani. Uingereza, mwaka 2012, ilifichuka kwamba Starbucks ilikuwa imelipa pauni milioni 8.6 pekee za ushuru wa kampuni kwa miaka 14, huku mauzo yakipita pauni bilioni 3. Costa, mshindani wake wa kahawa pale pale mtaani, ilikuwa ikilipa mamilioni kila mwaka. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa Costa. Jirani yako ana pesa ya ziada ya kufungua duka jingine kwa sababu tu halipi unacholipa wewe. Utakaa mwaminifu mpaka lini?

Ya pili ni washauri. Kampuni kubwa duniani hutumia wahasibu wale wale: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Mwaka 2014 nyaraka zilivuja zikionyesha mikataba ya ushuru ambayo PwC ilikuwa imewapatia wateja wake zaidi ya 300 huko Luxembourg. Fundi mmoja, mshono mmoja, wateja mia tatu. Hapo hata huhitaji kumchungulia jirani. Fundi wenu anakuletea kipimo chake.

Ya tatu ndiyo iliyonishika mimi: usalama wa umati. Ukifanya peke yako, unaogopa. Mkifanya kumi, inaitwa desturi ya biashara.

Najua kuna msee ameshachemka hapo: "Serikali yenyewe inaiba, nilipe ya nini?" Buda, nakuelewa. Tarehe 25 Juni 2024 hata mimi nilikuwa barabarani, macho yakiwaka kwa moshi. Lakini kumbuka kilichotutoa nyumbani. Mswada ule ulianza na pendekezo la kuweka VAT ya 16% kwenye mkate. Mwaka mmoja kabla yake, VAT ya mafuta ilitoka 8% ikafika 16%. Mbona mkate? Mbona mafuta? Kwa sababu mkate haukimbii. Serikali ikikosa pesa kwa wenye uwezo wa kuhama, inarudi kwa wasioweza. Mama mboga hana Bermuda yake. Mwalimu wa shule ya msingi ushuru wake unakatwa kabla hajaona mshahara. Kwa hivyo kampuni zikiigana kutolipa, hazimkomoi mwizi wa serikali. Zinatusukumia sisi bili yake.

Habari njema ni kwamba tabia ya kuigana ina njia mbili. Baada ya kelele za 2012, wakubwa wa Starbucks, Google na Amazon waliitwa mbele ya kamati ya bunge la Uingereza wakahojiwa hadharani. Muda si muda Starbucks ikaahidi kulipa karibu pauni milioni 20 kwa miaka miwili. Hakuna sheria mpya iliyowalazimisha. Ilikuwa aibu tu, na watu kwenda kunywa kahawa kwingine. Hata utafiti wa kihasibu uliochapishwa 2016 ulikuta kitu kama hicho: kampuni kubwa za Uingereza zilizoanikwa kwa kuficha orodha ya matawi yao zilipunguza kuepa ushuru kuliko zile ambazo hazikuanikwa.

Ndiyo maana mimi sitaki mahubiri ya "lipa ushuru ujitegemee". Nataka kuona. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2021 inayotaka kampuni kubwa zichapishe faida na ushuru wao, zikitaja kila nchi ya Ulaya kivyake. Hapa kwetu, mwisho wa 2024 tuliweka sheria kwamba matawi ya makundi makubwa ya kimataifa yakilipa chini ya 15%, yajazie. Sawa, ni mwanzo. Lakini mwananchi akitaka kujua kampuni fulani imelipa nini Kenya, aangalie wapi? Kama jirani anamchungulia jirani, basi tuondoe pazia ili wote tuchungulie.

Na mimi je? Mwaka huu nimekataa kulipwa kimyakimya. Kampuni ya kwanza niliyoiambia "kateni 5%, nipeni stakabadhi" ilisema itanijulisha. Mpaka leo nangoja. Hiyo kazi iliniuma, kwa sababu ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Nikagundua kosa langu: nilijaribu kuwa mwaminifu peke yangu. Nikaketi na marafiki wanne tunaofanya kazi hii, tukabishana mpaka chai ikapoa, tukakubaliana sote tutatuma invoisi au hakuna video. Wiki tatu zilizopita mmoja wetu alipigiwa simu na kampuni nyingine. Akajiandaa kwa vita. Yule jamaa wa upande wa pili akavuta pumzi, akasema, "Sawa, tuma invoisi. Kumbe siku hizi wote mnataka hivyo."

Wote? Tuko watano tu. Lakini hatukumwambia.