Nani Amekufa Huko?

Mtu wa Kabungu akionekana alfajiri barabarani na begi mkononi, jambo la kwanza analoulizwa ni nani amekufa. Kama si msiba, basi kuna mgonjwa. Kama hakuna mgonjwa, ni kesi, au harusi ya mtoto wa ndugu, au mafao yamekwama mahali na anakwenda kuyafuatilia. Orodha hiyo ikimalizika na mwenye begi bado anatikisa kichwa, waulizaji hunyamaza na kutazamana kwa huruma. Mimi nimekwisha kuzoea. Tangu nilipostaafu ukuu wa shule sijapitisha mwaka bila kusafiri walau mara mbili kwenda mahali ambako sina ndugu, sina deni wala sina shida. Nakwenda kutazama.

Wapo wanaosema kwamba safari ya namna hiyo ni anasa ya Wazungu, na kwamba mzee wa miaka sabini na ushee anayemaliza pensheni yake kwa nauli anawadhulumu wajukuu. Maneno hayo nimeyasikia kanisani na sokoni. Nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu niliosoma nao chuo cha ualimu, watu waliofundisha jiografia maisha yao yote na ambao hawajapata kuona ziwa Tanganyika isipokuwa kwenye ramani ya ukutani. Nayapinga, na sitayapinga kwa upole.

Tuanze na fedha, maana ndiko kila mbishi anakokimbilia. Simsemi mkulima ambaye viwavijeshi wamekula shamba lake na watoto wanasubiri madaftari. Huyo ana haki ya kuniambia ninyamaze, nami nitanyamaza. Nawasema wenye mshahara au pensheni, wanaovaa saa na kubeba simu mbili. Mwaka mmoja niliandika katika daftari kila mchango niliotozwa: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea, hata sherehe ya kuzindua geti la mtu. Jumla yake ingenipeleka Kigoma, ikanilaza huko juma zima, ikanirudisha na samaki wakavu wa kugawia majirani. Sikatai kuchangia, ndivyo tunavyoishi. Lakini asije mtu akaniambia kwamba fedha haipo. Fedha ipo. Kinachokosekana ni ruhusa, na ruhusa hiyo tunanyimana sisi kwa sisi.

Fikra hii ina historia, na imewagusa hata wakubwa. Mwalimu Nyerere, zama zile za kupata uhuru, anasimuliwa kuwa alisema yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba. Hata hivyo aliunga mkono wanyama wahifadhiwe, kwa kuwa wako maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani wenye hamu hiyo, na fedha yao ingetufaa. Mwezi Septemba 1961 alitoa tamko mjini Arusha la kulinda wanyama na mapori, tamko ambalo hadi leo tunalionea fahari. Namheshimu Mwalimu kuliko kiongozi mwingine yeyote, lakini kwenye habari ya mamba naomba niachane naye njia panda. Kauli ile, hata kama ilikuwa nusu utani, ilitugawia kazi: wanyama ni wetu, macho ni ya wengine.

Mwaka 1970 wasomi walibishana vikali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam kama utalii na ujamaa vinaweza kukaa nyumba moja. Issa Shivji aliyakusanya mabishano yale katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliopinga walikuwa na hoja nzito juu ya hoteli za fahari na juu ya vijana wetu kufundishwa kuinama. Lakini kwa jinsi ninavyousoma mjadala ule, pande zote mbili zilimwona mtalii kuwa mgeni mweupe na Mtanzania kuwa mbeba mizigo yake, ama kwa heri ama kwa shari. Swali la kama mbeba mizigo naye ana macho halikupata mtetezi. Na hata juzi, filamu ya The Royal Tour ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipotoka mwaka 2022, ilizinduliwa kwanza New York na Los Angeles, ndipo ikaja Arusha. Nilishangilia kama kila mtu. Ila niliona tumekaa kwenye foleni ya kuonyeshwa nchi yetu, na hatukuwa wa kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974. Ina kilometa za mraba 4,471, na lango lake la Sitalike liko kilometa zipatazo 35 tu kusini ya Mpanda mjini. Barabara kuu ya kwenda Sumbawanga inapita katikati ya hifadhi. Nimepanda mabasi ya njia hiyo mara nyingi, na kila mara naona jambo lile lile: gari likishaingia porini, abiria wanafunga pazia na kulala. Twiga amesimama hatua thelathini kutoka dirishani, nao wanakoroma. Wakati huohuo watu wanaruka kwa ndege ndogo kutoka Arusha na kulipa, kwa usiku mmoja kambini, fedha ambayo mwalimu wa shule ya msingi haipati kwa mwezi mzima, ili wamwone twiga huyohuyo. Sisi raia kiingilio chetu ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni. Gharama kubwa ni gari, nayo watu kumi wakichangia kama wanavyochangia sendofu, inakuwa si kitu.

Nenda mwezi wa Septemba au Oktoba. Wakati huo mto Katuma umekatika na kubaki madimbwi, na viboko kwa mamia wanasongamana kwenye tope mgongo kwa mgongo, kama mawe yaliyopangwa na fundi mlevi. Madume yanapigana. Mamba hawana tena maji, hivyo wanajilaza ndani ya mapango kwenye kingo za mto, mmoja juu ya mwingine. Nyati huja kwenye mbuga ya Katisunga kwa makundi ambayo hutayamaliza kuhesabu. Wasio na fedha hata ya kiingilio wasimame kwenye daraja la Sitalike jioni. Viboko wa pale hawajui mpaka wa hifadhi.

Na yule anayesema kutembelea pori si desturi yetu, naomba anieleze habari ya mkwaju wa Katabi. Wazee wanasimulia kwamba roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri, inakaa katika mkwaju karibu na ziwa Katavi, na watu walikwenda pale kuweka sadaka kabla ya kuwinda. Jina la hifadhi limetoka huko, na tangu 2012 ni jina la mkoa wetu. Sisemi turudie sadaka. Nasema babu zetu walifunga safari kwenda kukaa chini ya mti, wakautazama, wakarudi. Aliyeamua kwamba pori ni la Wazungu si babu.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri, maana jambo hili si la starehe peke yake. Kwa miaka mingi maji ya Katuma yamekuwa yakikingwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na kiangazi kikiwa kikali viboko wanabaki kwenye matope yanayokauka. Maofisa wamekuja, mikutano imefanyika, mabanio yamevunjwa na kujengwa tena. Mkulima anaambiwa afikirie hifadhi. Lakini yeye hifadhi anaijua kwa nini? Anaijua kwa askari, kwa faini, kwa tembo aliyemkanyagia mahindi na kwa ndugu aliyeliwa na mamba. Hajawahi kuingia kwa lango la mbele, mchana, na watoto wake, akakaribishwa. Unamwomba mtu atoe maji ya mpunga wake kwa ajili ya kitu ambacho maisha yake yote amekijua kama adui. Mimi ningekuwa yeye ningekinga maji pia.

Kwa hiyo ziara ya shule si mchezo. Nilipokuwa bado kazini tulikodi lori, wazazi wakachanga mahindi waliokosa fedha, tukawapeleka watoto wa darasa la sita. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemchora kiboko ubaoni na kuandika ukubwa wake na chakula chake. Binti mmoja alisimama ukingoni akashika pua, akasema, “Mwalimu, kumbe wananuka!” Katika vitabu vyote tulivyogawiwa hakuna kilichosema hivyo. Leo shule za kulipia zinapeleka watoto Ngorongoro kwa basi lenye muziki, na mtoto wa shule ya kata iliyo jirani na Katavi anajibu mtihani kwa kukariri. Wakubwa wa elimu wana fungu la semina, na washiriki wa semina wanasafiri hadi Bagamoyo, wanakaa ukumbini siku tatu, wanasaini posho na kurudi bila kuona bahari. Fungu hilo hilo lingepakia malori mangapi?

Baada ya Katavi ningempeleka msomaji Karema, ufukweni mwa Tanganyika, na hiyo pia ni wilaya yetu. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Pale aliishi Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na wauza watumwa, akakombolewa na wamisionari kule Aljeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Aliwatibu watu wa ziwa hili kwa zaidi ya miaka 60. Nilipomwambia jirani yangu kwamba nakwenda Karema kwa ajili ya Atiman, alinipa pole ya msiba. Nikamwambia huyo mzee alifariki mwaka 1956. “Basi pole sana, Mwalimu,” akasema, “habari imechelewa kukufikia.”

Enzi zetu ungeweza kutoka hapo kwa Liemba. Nilipanda meli hiyo nikiwa mwalimu kijana, kwa waranti ya likizo, daraja la tatu, kati ya magunia ya dagaa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kuzinduliwa 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Vijiji vingi havikuwa na gati, hivyo mitumbwi ilikuja gizani kugombea abiria, na mama mmoja alipitishwa juu ya maji na kuku wake bila kulowa. Sasa Karema ina bandari ya kisasa. Ukiipata meli au boti nzuri, nenda kaskazini utazame milima ya Mahale, hifadhi tangu 1985, ambako Wajapani wamewachunguza sokwe tangu 1965. Ukipenda kusini, yako maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200. Lala kwenye nyumba za wageni za parokia. Ni safi, na chakula hakichelewi. Chukua chandarua chako, tochi, na viatu ambavyo vimekwisha kukuzoea.

Mwaka huu, Mungu akijalia, mwezi wa Julai nakwenda Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji ule, na tangu 1981 magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Nitapanda treni hapa Mpanda, kwenye reli ile iliyojengwa ili kubeba madini ya risasi, hadi Tabora, kisha Dodoma. Kutoka Dodoma nataka kuijaribu treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, halafu basi hadi Kilwa Masoko, halafu mashua. Nimepiga hesabu ya nauli, malazi na chakula kwa siku kumi na nne, na nimewaambia wenye harusi za Julai kwamba mchango wangu utakuwa mdogo. Wawili wamenuna. Kurudi nitapita Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, nikichagua basi litakalofika Sitalike kukiwa bado na mwanga. Kiti cha dirishani, upande wowote.