Sungura Hakufa Ghafula

Kila mara mwanafunzi aletapo habari ya kufa kwa sungura wake, habari hiyo huandamana na neno moja: ghafula. "Mwalimu, jana jioni alikuwa mzima, leo asubuhi nimemkuta amekufa ghafula." Neno hili nimelisikia kwa watoto, nimelisikia kwa wazazi wao, na kwa aibu nakiri kwamba zamani nililisema mwenyewe. Leo nalikana. Nadai, msomaji, kwamba aghalabu neno hili si habari ya mauti ya sungura, bali ni ngao ya uzembe wa mwenye sungura.

Sisemi kwamba hapana maradhi yauayo kwa saa chache. Yapo, na mtu aliyepatwa na msiba wa namna hiyo hastahili lawama. Lakini maradhi hayo ni machache, na wanaojificha nyuma yao ni wengi. Husema, "Ajali haina kinga," kisha hulala usingizi. Ajali kweli haina kinga, uvivu unayo.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilifuga sungura jike mweupe. Siku ya kwanza aliacha sukumawiki yake, akagusa nyasi kidogo. Siku ya pili kinyesi chake kilikuwa haba, nacho kilikuwa punje ndogo ndogo zilizokauka; nami, badala ya kuuliza sababu, nilifurahi kwamba kazi ya kufagia imepungua. Siku ya tatu alijikunyata pembeni mwa kizimba, macho yamefumba nusu, akisaga meno. Nikasema, "Amechoka, mwacheni alale." Siku ya nne alikuwa maiti, nami nikawatangazia wenzangu kwamba amekufa ghafula! Siku tatu kiumbe yule alisema nami kwa lugha yake, na mimi nikazifagia habari zake kwa ufagio.

Yamkini utajibu kwamba sungura halii, basi utajuaje kuwa anaumwa? Kweli, halii. Katika hadithi za wazee wetu Sungura humhadaa Fisi na kumcheka. Huyu wa kizimbani naye ana hila yake. Yeye ni windo la mbweha, la mwewe na la paka mwitu, na windo lioneshalo udhaifu ndilo likamatwalo kwanza. Kwa hiyo huficha maumivu mpaka nguvu za kuyaficha zimwishie. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Binadamu afichaye maradhi hujilaumu mwenyewe. Sungura hawezi kulaumiwa, maana ndivyo alivyoumbwa. Wa kulaumiwa ni yule aliyemfungia mlango, kisha asimtazame.

Na kumtazama si elimu ngumu. Tazama chakula kwanza. Tumbo la sungura halina budi kwenda mchana na usiku, na likisimama hana njia ya kujiokoa, kwa kuwa hawezi hata kutapika. Kisha tazama kinyesi: punje za mviringo, kubwa na nyingi, ni habari njema, punje ndogo, chache, au kuhara, ni habari mbaya. Lakini usishtuke ukimwona akila kinyesi laini kitokacho mwilini mwake. Hiyo ni desturi ya sungura wazima, nayo huwapa nguvu.

Tazama pua na miguu ya mbele. Sungura mwenye mafua hujifuta kwa miguu hiyo, hata manyoya ya ndani yakashikamana. Akivuta pumzi kwa kinywa wazi, jua kwamba yu hatarini, kwani kwa kawaida hupumua kwa pua. Chungulia masikio: magamba mazito na kutikisa kichwa ni kazi ya utitiri. Kidevu kilicholowa udenda hukuambia uangalie meno, ambayo hukua maisha yake yote na huweza kupinda. Mwisho, mwinue taratibu uangalie chini ya mkia, maana penye uchafu nzi hutaga mayai, na funza hula mwili ulio hai.

Wako wasemao, "Daktari wa mifugo ni ghali kuliko sungura mwenyewe." Hoja hii ina sura ya hekima, lakini ndani ni tupu. Macho yako uliyanunua kwa shilingi ngapi? Nyasi kavu, maji safi na sakafu isiyolowa vyapatikana kwa jasho tu, navyo huzuia maradhi mengi, hasa ya kuhara kwa wachanga. Ughali huja kwa kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wabaya kuliko wachelewaji ni matabibu wa kujitia. Huyu humpaka mgonjwa wa upele oili chafu ya gari, na sungura huilamba akajisafisha nayo. Yule humnywesha vidonge vya penisilini vilivyobaki nyumbani, asijue kwamba dawa za jamii hiyo zikipita kinywani mwa sungura huua viini vyema vya tumbo lake, naye akafa kwa dawa, si kwa maradhi. Wema usio na maarifa humdhuru anayetendewa.

Basi ufanyeje? Uonapo dalili, mtenge na wenzake, umweke mahali pakavu penye kivuli na utulivu, umpe maji na nyasi. Ikiwa amepitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo; usingoje Jumamosi. Nawe usiende na mikono mitupu ya habari: mweleze daktari alikula nini, aliacha lini, na kinyesi chake kilikuwaje. Mgonjwa hana ulimi. Wewe ndiwe ulimi wake.

Msomaji, sungura hakukuomba umfuge. Porini angejichagulia majani yake na kujichimbia shimo lake. Wewe umempa kizimba badala ya vyote hivyo, na kwa kitendo hicho umejitwika deni. Deni hilo hulipwa kwa dakika chache asubuhi kabla ya kwenda shule, na dakika chache jioni kabla ya giza. Asiyeweza kulilipa na asifuge. Na afugaye, siku mnyama wake atakapokufa, kabla hajatamka neno ghafula, na ajiulize kwanza: jana nilimtazama, au nilimtupia majani tu nikaenda zangu?