Bundi Katumwa na Nani?

Kila Jumapili tunasimama kanisani na kukiri kwamba Mungu Baba ndiye aliyeumba vitu vyote. Usiku wa Jumapili hiyo hiyo bundi analia juu ya paa, nasi tunatoka na mawe na vijinga vya moto. Asubuhi tunaulizana, "Nani kamtuma?" Ungamo letu tumeliacha kanisani.

Wako wanaojitetea kwa Maandiko, kwamba Walawi 11 inamhesabu bundi kuwa najisi. Ni kweli. Lakini sura ile inahusu chakula. Haisemi kwamba ndege huyo ni mjumbe wa kifo. Tena katika orodha ile ile yumo tai, ambaye Isaya 40 inamtumia kuwatia moyo wanaomtumaini Bwana. Yumo na kunguru, aliyempelekea Eliya chakula. Mbona hao hatuwapigi mawe?

Wengine husema, "Alilia, na mzee akafa." Bundi hulia hata usiku ambao hakuna mgonjwa, ila sisi tumelala hatumsikii. Tunapokesha na mgonjwa ndipo tunamsikia. Yeye amefuata panya, wale wale wanaomaliza mahindi yetu ghalani. Humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Kama ametumwa, aliyemtuma ni Muumba wake.

Angekuwa anaumia ndege peke yake, tungesema kwa upole. Lakini swali lile haliishii kwa ndege. Linatafuta mlango wa kubisha, na mara nyingi ni mlango wa bibi mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika nchi yetu vikongwe kama huyo wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Tuliouliza "nani kamtuma" hatuwezi kunawa mikono kama Pilato.

Nasi wachungaji tusijitoe katika lawama hii. Tumeitwa kwenye nyumba zenye hofu, tukamkemea bundi kwa maombi marefu, tukaondoka tumeithibitisha hofu ile ile. Amri ya kwanza, kama Katekisimo Ndogo inavyotufundisha, inatudai tumche Mungu kuliko kitu kingine chochote.

Basi bundi akilia usiku huu, tumwombee mgonjwa, tumwache ndege awinde, na asubuhi tupite kumwamkia bibi jirani.