Mlinzi Anapompiga Mwenye Nyumba



Wewe uliyekulia Usoke, Urambo au popote Unyamwezini, unawajua sungusungu. Waliibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, na wengi walipata usingizi kwa ajili yao. Lakini unajua pia kwamba mahali pengine ulinzi huo uliwageukia bibi vizee wasio na hatia, wakaitwa wachawi. Ulinzi usio na wa kuuzuia huwala wenye mji.

Mwili nao una sungusungu wake, chembechembe nyeupe za damu, zinazopambana na vijidudu. Mbona hazitushambulii sisi wenyewe? Mwaka 1995 Mjapani Shimon Sakaguchi alionyesha kwamba miongoni mwa askari hao wamo ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Mwaka 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni ambayo ikiharibika, utulivu huo hutoweka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Watulizaji wakizidiwa nguvu, hupata nafasi magonjwa kama baridi yabisi. Askari huvamia viungo, hasa vile vidogo vya vidole, mara nyingi mikono yote miwili. Watulizaji wamo humo humo ndani ya kiungo kilichovimba, ila vurugu imewashinda. Mgonjwa huamka vidole vimekakamaa, hata saa nzima hawezi kufunga kifungo wala kushika mwiko. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mvutaji wa sigara naye hujiongezea hatari, na hilo sisi wa nchi ya tumbaku tulisikie.

Sasa sikiliza jambo linaloniumiza. Miezi ya mwanzo ndiyo inayoamua. Dawa za kuwatuliza askari hao zipo, na zikianza mapema huukinga mfupa usiliwe. Kiungo kikishaharibika, dawa hairudishi kilichopotea. Miezi hiyo tunaimalizia wapi? Wengi wetu kwa mganga, tukiuliza nani karoga. Mgonjwa anapoteza mikono, jirani anapoteza jina, pengine na uhai. Kisha mgonjwa yule yule akizeeka, vidole vimepinda, anashukiwa yeye.

Kumbuka mfano wa magugu katika Mathayo 13. Watumishi walikuwa na bidii na nia njema, walitaka kung'oa mara moja. Mwenye shamba aliwazuia, si kwa kuyapenda magugu, bali kwa kuihurumia ngano. Kuzuia mkono si woga. Ni kazi ya anayejua thamani ya kilichopandwa.

Jumuiya zetu hazina upungufu wa wapiganaji. Zina upungufu wa watu wa kusema, "Ngojeni kwanza." Basi jina la jirani likianza kutajwa kwenye kikao, sema wewe. Na kama kuna mama nyumbani kwako ambaye vidole vyake vimevimba na kukakamaa asubuhi kwa wiki kadhaa, usimwambie ni uzee. Mpeleke kituo cha afya, omba rufaa ya Kitete kama inahitajika, na nauli ikipungua jumuiya ichange. Hiyo nayo ni sadaka.

Nawatakia Jumapili njema.