Fundi Asibahatishe, Ajitengenezee Taa ya Kupimia

Liko jambo dogo katika gereji zetu linalokula fedha za watu wa kipato kidogo, nalo ni kubahatisha. Honi hailii. Fundi anaitazama, anatikisa kichwa, kisha anasema, "Lete nyingine." Dereva wa teksi ananunua honi mpya, inafungwa, nayo ni bubu vile vile, maana ubaya haukuwa katika honi bali katika waya ulioliwa na kutu. Fedha ya dereva hairudi, na sifa ya mafundi wetu wote imechafuka tena.

Fundi huyo si mwizi. Hana chombo cha kumwonyesha umeme ulipofika na ulipokatika. Basi na ajitengenezee.

Atafute balbu ya taa ndogo ya gari, ya volti 12 na wati 5, pamoja na soketi yake. Magari mabovu yanazo tele. Soketi itoke nyaya mbili, mmoja uwe mrefu wa kama mita moja na nusu. Huo mrefu aufunge kibanio cha chuma mwishoni. Wa pili auzungushe na kuukaza kwenye spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, kisha aivike spoki ganda la kalamu au la waya mnene, ibaki ncha tu, kama punje ya mchele. Asilidharau ganda hilo. Spoki tupu ikigusa kwa pamoja bodi na waya wenye moto, cheche huruka na fyuzi hukatika. Malori mengi hutumia volti 24, nayo balbu yake iwe ya 24.

Kwanza apime chombo chenyewe: kibanio kwenye hasi ya betri, spoki kwenye chanya, taa iwake. Sasa turudi kwenye honi. Ufunguo ukiwa umewashwa na mwenzake akibonyeza honi, aguse fyuzi pande zote mbili. Upande mmoja ukiwasha taa na wa pili ukakataa, fyuzi imekufa. Zote zikiwasha, aende kwenye waya uletao umeme katika honi. Taa ikikataa hapo, ubaya uko njiani. Ikiwaka na honi ikanyamaza, ahamishe kibanio kwenye chanya ya betri, aguse waya wa honi urudio kwenye bodi, mwenzake akiwa bado amebonyeza. Ikikataa, njia ya kurudi ndiyo mbovu. Ikiwaka, sasa anayo haki ya kuilaumu honi.

Wako wasemao kwamba mita za umeme zauzwa madukani, ya nini kuhangaika na spoki? Mita ni chombo chema, wala hatuipingi. Lakini mita hunywa umeme kidogo mno, hata kiungo chenye kutu chaweza kuionyesha volti 12 kamili, na fundi akadanganyika. Taa hufanya kazi hasa. Ya wati 5 huvuta karibu nusu ya ampea. Ya wati 21 huvuta karibu ampea 2, na kiungo kibovu kikitwishwa mzigo huo taa hufifia mbele ya macho ya mwenye gari. Naye ataona mwenyewe, hata kama hajui kusoma tarakimu.

Mahali pamoja taa hii isiguse kabisa: nyaya za kompyuta ya gari na za mifuko ya hewa ifumukayo gari ligongapo, ambazo mara nyingi huvikwa rangi ya manjano. Kompyuta yaweza kuungua, na mfuko waweza kufumuka usoni mwa fundi. Hapo ndipo mita ya kompyuta, na mafunzo yake, vinapohitajika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitupa neno kujitegemea, na tumelitamka mikutanoni hata limekuwa jepesi mdomoni. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hawakungoja hotuba. Wanatengeneza vifaa kwa vyuma chakavu kila siku. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kutengeneza zana za darasani kwa vizibo na makopo, kisha wengi tukaacha tulipopata ajira.

Jioni moja yatosha kuwafundisha vijana kumi wa tawi. Fundi wa mtaa ndiye awe mwalimu, alipwe kwa saa zake, na sisi wenye vyeti tushike koleo. Kila kijana aje na balbu na spoki yake. Betri moja itawatosha wote.