Kukubaliwa si kupokelewa

Wazazi wengi hudhani kwamba kijana akiisha kushinda mtihani na kuingia katika chuo kikuu chenye sifa, taabu yake imekwisha. Sisi twaona ya kuwa milango ni miwili: wa kwanza ni kukubaliwa, wa pili ni kupokelewa. Habari za wanafunzi weusi wa Marekani zatuonyesha jambo hili waziwazi.

Chuo kikuu cha Harvard, karibu na mji wa Boston, kilianzishwa mwaka 1636. Ni mwaka 1870 tu ambapo mtu mweusi wa kwanza, Richard Greener, alimaliza masomo katika koleji yake. Mmoja wa waliomfuata ni Roscoe Conkling Bruce, aliyemaliza mwaka 1902 kwa sifa kubwa. Baba yake, Blanche Bruce, alizaliwa mtumwa katika Virginia, akapanda hata kuwa seneta wa Mississippi tangu 1875 mpaka 1881.

Mwaka 1922 Bruce alimwombea mwanawe nafasi katika mabweni, mahali walipopaswa kukaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkuu wa chuo, Lowell, akakataa. Hakusema kwamba kijana hana akili. Alisema kwamba haifai kuwalazimisha weupe na weusi kukaa nyumba moja. Darasani aje, bwenini asije! Watu wengi, weusi na weupe, walipinga, hata wale waliosoma pale zamani. Mwaka 1923 baraza la wasimamizi likaamua kwamba mwanafunzi asizuiwe kwa sababu ya rangi, lakini likaongeza kwamba watu wa rangi mbili hizo wasilazimishwe kukaa wala kula pamoja. Mlango ulifunguliwa nusu.

Msidhani kwamba hilo ni neno dogo. Elimu haipatikani kwa mwalimu peke yake. Jioni wanafunzi hutafuta pamoja jibu la hesabu, husahihishana insha, huambiana kitabu gani kina faida. Anayekula peke yake hukosa hayo yote, hata akiwa na akili nyingi.

Tena uko mzigo usioonekana kwa macho. Mwaka 1995 wataalamu Claude Steele na Joshua Aronson walieleza majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford. Waliwapa mtihani mgumu. Walipowaambia kwamba mtihani wapima akili zao, weusi walishindwa na weupe waliokuwa na alama sawa nao hapo kwanza. Walipowaambia kwamba haupimi akili, walilingana nao. Sababu yake ni nini? Kwa maoni yao, mwenye kuogopa kuthibitisha maneno mabaya yanayosemwa juu ya watu wake hufanya kazi mbili kwa mara moja: ajibu swali, tena ajitetea moyoni.

Mambo hayo hayajapita. Mwezi wa Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilivikataza vyuo kuangalia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata, katika chuo cha MIT, weusi walikuwa 5 tu katika kila 100 walioingia, na miaka ya nyuma walikuwa karibu 13. Waliokuwa wachache wamezidi kuwa wachache, na upweke wao vilevile.

Basi tusiwatazame Wamarekani tu. Katika shule zetu za bweni huja mtoto kutoka mbali, mwenye lugha nyingine, naye amepita mtihani sawa na wengine. Je, wenzake hucheka matamshi yake? Humwachia pembe ya meza? Ninyi wanafunzi, mtazameni jioni ya leo. Nanyi wazazi, mwana wenu arudipo likizo, msiulize alama zake tu. Mwulizeni pia: unakula na nani, unasoma na nani? Jibu lake litawaonyesha kama amepokelewa, au amekubaliwa tu.