Madada wa Wigi, Acheni Kutumalizia Nywele kwa Protini Zenu!

Haya wapendwa, leo hatupakani mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna staa wetu mmoja, jina nalihifadhi, mlimjua kwenye filamu na sasa kageukia makopo. Mtu akilalamika nywele zinakatika, jibu lake ni moja tu: protini. Umeweka dawa? Protini. Umetoka kujifungua? Protini. Nywele kavu kama makuti ya mwaka juzi? Protini, tena kila wiki, na kopo lake halitoshi mwezi. Yeye mwenyewe tangu aanze biashara hiyo hatujamwona bila wigi, lakini hilo tumwachie, kila mtu na kichwa chake. Mimi ugomvi wangu uko kwenye neno "kila wiki".

Uongo wake umevaa nguo za ukweli, ndiyo maana unaingia. Ni kweli nywele imetengenezwa kwa protini, inaitwa keratini. Basi mtu anajiambia, kama ni protini si niiongezee? Jamani, unywele ukishatoka kichwani ni kitu mfu. Hauli, haunywi, haushibi. Protini ya kupaka inachofanya ni kushika pale palipochubuka na kuzibaziba, unywele ukakakamaa kidogo. Kwa aliyeweka dawa au aliyebliichi hiyo ni msaada kweli, maana zile kemikali zinavunja viunganishi vilivyoshikilia unywele kwa ndani. Lakini wewe ambaye nywele zako hazijawahi kuguswa na dawa, zina kiu tu, ukikakamaza kitu ambacho tayari ni kikavu unategemea nini?

Waulizeni mama zetu wa pwani wanaosuka mikeka. Ukindu mkavu ukiukunja unakatika, ndiyo maana wanaulowesha kwanza. Nywele zetu za kipilipili zina mikunjo mingi, na kila kona ni sehemu dhaifu, halafu mafuta ya asili ya ngozi yanapata tabu kushuka mpaka kwenye ncha. Kwa hiyo sisi kiu ndiyo ugonjwa wetu wa kwanza. Hapo hujaweka draya ya moto na baridi kavu ya Makambako.

Halafu wale wa mayai! Kuna dada mwingine, huyu wa video fupi fupi, kila Jumapili anajipasulia mayai kichwani, na mayonezi juu. Protini ya yai bichi ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele. Inakaa juu, unaiosha, inakwenda na maji. Ukiosha kwa maji ya moto ndiyo utajua hujui, utachambua vipande vya yai kichwani mpaka jioni. Yai lile lingekaangwa chipsi likafanya kazi ya maana, kwa sababu protini ya kweli kwa nywele inapitia tumboni, maharage, dagaa, maziwa, kule ambako unywele unatengenezwa kabla haujatoka. Na yale maji ya mchele mnayoyachachusha mpaka nyumba nzima inanuka, mengi yake ni wanga.

Protini inayoshika kwenye unywele ni ile iliyovunjwavunjwa vipande vidogo kiwandani. Kwenye kopo tafuta neno "hydrolyzed" mbele ya keratin, wheat au silk. Kama halipo, umenunua uji wa kupaka.

Sasa utajuaje unahitaji kipi? Wala huhitaji kumlipa mtu. Chukua unywele mmoja uliotoka wenyewe, ulowe, uvute taratibu. Ukivutika kidogo ukarudi, acha kichwa chako kipumzike, huna shida. Ukivutika, ukavutika tena kama bablishi, hauna nguvu, ukakatika, hapo protini inahitajika, na baada yake weka kondishena ya kulainisha, usiondoke hivyo hivyo. Ukikatika pwaa bila kuvutika, hiyo ni kiu: maji, kondishena, stimu, halafu mafuta juu ya kuzuia maji yasitoke. Mafuta peke yake kwenye nywele kavu hayaleti unyevu, ingawa ya nazi nayapa heshima yake, ukiyapaka kabla ya kuosha yanapunguza protini inayopotea. Bibi zetu walishalifahamu hilo bila kopo la mtu.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Angalia ncha ya unywele ulioanguka. Ukiona kipunje cheupe, huo haujakatika, umenyonyoka na mzizi wake, na hapo hakuna protini wala kondishena itakayokusaidia, maana tatizo haliko kwenye unywele. Wamama wengi wananyonyoka nywele miezi mitatu, minne baada ya kujifungua. Ni hali ya kawaida na kwa wengi inarudi yenyewe. Ndiyo hao hao staa wetu anawauzia makopo mawili mawili, halafu nywele zikirudi zenyewe anadai ni kazi yake! Mwingine kapaja limeliwa na rasta zilizokazwa mpaka macho yanavutika, anapaka protini kwenye ngozi tupu, na Jumamosi anarudi kwa msusi kukazwa tena. Sehemu ikivutwa miaka na miaka, vinyweleo vinakufa, na havirudi. Huyo alitakiwa aambiwe afumue na akamwone daktari wa ngozi mapema, siyo aambiwe "ongeza kopo lingine mpenzi".

Eti "inchi nne kwa mwezi". Nywele za binadamu zinakua kama sentimita moja na ushee kwa mwezi. Labda anapima wigi.

Kwa hiyo dada, hatukukatazi biashara. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, ofisi unazijua. Bandika lebo yenye viambato vyote, sema ni protini gani, sema ni ya nywele za aina gani na irudiwe baada ya muda gani. Na yule mama mwenye kichanga aliyekuandikia nywele zinatoka kwa mafungu ukamjibu kwa namba ya kutuma pesa, mrudishie hela yake.